Alichosema Mama Aliponisindikiza

Mwaka ule nilikuwa nazunguka vijiji vya Mpanda na kishikwambi cha utafiti, nikiwauliza watu kama wanaogopa kunyang'anywa mashamba yao. Moja maana yake huogopi kabisa, tano unaogopa sana. Hofu ya mtu mzima nayo inapimwa kama homa! Nilikuwa nimepanga chumba Kawajense. Kutwa nahoji watu, na jioni nagundua hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari zangu. Upweke ule ulinichosha kuliko jua.

Katika kijiji cha Kakese nilimkuta mama mjane akipukuchua mahindi. Kabla sijakaa, akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, na kigoda mkononi. Mwongozo wetu ulitaka mhojiwa awe peke yake. Lakini utamwambiaje mwanaume aondoke kwenye uwanja wa kaka yake? Niliona haya, nikaendelea.

"Mama, unaogopa kwamba utanyang'anywa shamba lako?"

Akamtazama shemeji. "Siogopi. Weka moja."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Nikaweka moja, nikatuma palepale, kwa kuwa mtandao ulikuwa umeshika na nilikuwa na haraka zangu. Fomu ikishatumwa hairudi.

Nilipoaga, mama akainuka kunisindikiza. Nami nimekulia hukuhuku, najua kabisa kwamba mgeni huambiwa ya moyoni akishatoka uani. Ningengoja kabla ya kutuma fomu. Tulipoipita mikonge ya mpakani, akapunguza mwendo.

"Mwanangu, yale ya pale uwanjani yaache. Shamba ameshamwonyesha mnunuzi. Masika haya sijui kama nitalima. Ningesema mbele yake, leo ningelala wapi?"

"Umemwambia nani mwingine, mama?"

"Nani? Watoto wako mbali, na ndugu wote ni wa upande wake. Nimekuambia wewe."

Miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniamini kwa jambo lake, na huyu alikuwa amenichagua mimi, niliyekwisha kumwandika kuwa hana hofu.

"Sasa weka ile tano," akasema. "Wakubwa wajue."

Nilifungua mkoba, nikawasha kishikwambi, nikagusagusa kioo kitupu.

"Nimeweka, mama."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashukuru, akasema sasa ana mtu wa kumtetea. Kisha akageuka, akarudi nyumbani alikomwacha shemeji yake.