Namba za Mkaa

Shahada ya uzamili ya usalama wa mitandao, ambayo Mutinda aliisomea kwa laptop chumbani kwake Soweto West, ilikuwa imempanda kichwani. Siku moja alimkuta mamake, Nduku, kwenye kibanda chake cha sukuma wiki Kawangware, ameandika namba ya siri ya simu kwa mkaa ukutani.

“Mum, unawaachia wezi mlango wazi!” akamfokea mbele ya wateja. Akazifuta zile namba kwa kitambaa, akaitega simu ijifute yenyewe namba ikikosewa mara kumi. Kisha akageuka, mama achague namba mpya. “Usimwambie mtu, hata mimi. Na usiweke siku niliyozaliwa. Wezi huanza na hiyo.”

“Sawa, mwalimu,” mama akasema.

Miezi mitatu baadaye Nduku alianguka pale kibandani, hakuamka tena. Kamati ya mazishi ikataka picha ya kutangulizwa mbele ya jeneza hadi nyumbani Kitui. Picha zake zote zilikuwa ndani ya simu; nje yake ilikuwepo moja tu, ya kitambulisho, amekunja uso kama mshtakiwa.

“Si wewe ndiye msomi wa haya mambo?” mjomba Mutie akamsukumia simu. “Fungua.”

Mutinda akajaribu namba tisa, zote zikakataa. Ya kumi akaweka siku yake ya kuzaliwa, akiomba Mungu mamake awe amempuuza.

Simu ikajifuta. Mama alikuwa amemtii.