Waya wa Ardhi

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kituo cha majaribio hapa Kasulu alinikabidhi bomba la kunyunyizia dawa lililokuwa jepesi kuliko jembe. Halikuwa na tangi la kubeba mgongoni. Lilikuwa na mpini mrefu wenye betri za tochi ndani, na chupa ndogo ya dawa mbele. Alinyunyizia mche mmoja wa pamba, kisha akageuza jani.

“Tazama huku chini.”

Upande wa chini wa jani ulikuwa umelowa kama upande wa juu.

“Dawa ikipita mdomoni mwa bomba inapata umeme,” alisema. “Umeme unaikata kuwa matone madogo, yanayolingana, na kila tone linamkimbia mwenzake. Yanatafuta kitu kilichogusana na ardhi. Mmea umegusana na ardhi, basi yanauzunguka.”

“Na mimi niliyevaa mabuti ya mpira?”

Akanionyesha waya mwembamba uliotoka kwenye mpini na kuburuzika chini. “Huu ndio unaokuunganisha na ardhi. Ukikatika, umeme unajikusanya mwilini mwako, na dawa inakurudia wewe. Hii haichanganywi na maji, ni kali.”

Nilinyunyizia miaka kadhaa mashamba ya Heru Juu, kisha nikahamishiwa Kibondo kuwa msimamizi wa wanyunyiziaji Busunzu. Huko nilimkuta Nestori, mtu mpole, aliyejua kutembea na upepo ubavuni ili ukungu wa dawa uende mbali naye. Alikuwa mwepesi kuliko sisi sote.

Msimu ule shamba lilikuwa jipya, limejaa visiki, na meneja wa mradi wetu wa pamba alitaka tumalize kabla wageni hawajaja kulikagua. Asubuhi moja Nestori alinijia.

“Mzee, waya umenasa kwenye kisiki, umekatika.”

Waya wa akiba ulikuwa ghalani, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Nilitazama mistari ya pamba iliyobaki.

“Malizia hii,” nikamwambia. “Tutaunga kesho.”

Hakubisha. Jua lilipokuwa utosini nilimkuta amekaa chini, anatokwa jasho na mate, mikono inatetemeka. Ovaroli yake ilikuwa imelowa mbele, kuanzia kifuani hadi magotini. Tulimvua, tukamwosha, tukampakia kwenye baiskeli kwenda hospitali. Alifariki siku ya tatu.

Meneja aliniita.

“Alivaa barakoa?”

“Alivaa.”

“Andika hakuvaa. La sivyo mradi utafungwa, na wewe utakuwa wa kwanza kuulizwa.”

Niliandika, nikatia saini. Mke wa Nestori, Paskazia, alisomewa taarifa ile mbele ya ndugu zake. Mradi wenyewe ulifungwa baada ya misimu miwili, kwa sababu betri na dawa hazikupatikana tena.

Niliendelea na kazi hadi kustaafu, kwa mabomba ya kawaida ya mgongoni. Nilifundisha wengi, na sikumwambia hata mmoja wao habari za Nestori. Mwaka nilioacha kazi nilipanda gari kwenda Busunzu. Nilimkuta Paskazia anaanika mihogo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti.

Aliweka chini kipande cha muhogo alichokishika.

“Ile barakoa niliifua mwenyewe kila jioni,” alisema. “Halafu mkanisomea kwamba hakuvaa, nami nikaamini kwamba siku ile aliidharau. Nimewalea wanangu nikiwaambia, msiwe wazembe kama baba yenu.”

Nilitaka kumwomba msamaha. Aliinua mkono kunizuia.

“Wapo kwenye maharage, kule ng’ambo ya kijito. Ni watu wazima sasa. Nenda ukawaambie kwa mdomo wako.”

Nilivuka kijito. Walikuwa watatu, wameinama wanapalilia, na yule mkubwa aliponisikia alinyoosha mgongo, akanisalimu kwa heshima kama wanavyosalimiwa wazee.