Nilimwandika Kaka Mwanaume Niliyetaka Anioe

Kosa ni langu. Nimechoka kumsingizia baba, nimechoka kuwasingizia watu wa uhamiaji. Wacha nikueleze taratibu, maana ukielewa lilivyoanza hutalirudia.

Mimi ni mwenyeji wa Zuzu, kando ya jiji la Dodoma. Kwa miaka sita nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya hapa jijini. Watu walikuja na fomu zao, nami nikiwaelekeza: hapa jina kamili, hapa usifutefute, hapa andika ukweli ulivyo. Mimi huyohuyo!

Mchumba wangu, nimwite Yona, alipata kazi ya ghalani Ulaya. Akaniita nimfuate, tufunge ndoa ya serikali, kisha nitafute kazi. Lakini mahari ilikuwa bado, na baba yangu ni mzee wa kanisa. Nikamwambia baba kwamba Yona ni kaka tu wa kwaya, amenitafutia kozi huko.

Baba akataka kuiona barua ya mwaliko. Nikampigia Yona, nikamwomba aandike kwamba anamwalika dada yake. Akasita.

"Huku dada ni mtoto wa mama yako," alisema. "Hawana dada wa kwaya."

"Andika tu, baba atulie."

Baba aliisoma barua neno kwa neno, akaniombea. Kisha ikaja fomu ya viza, ya kuambatanishwa na barua ileile: una uhusiano gani na mwenyeji wako? Masjala ilinifundisha kwamba karatasi mbili zisipofanana, faili linarudi. Nikaandika kaka. Nikaacha kazi, nikapanda ndege.

Baada ya miezi miwili tulikwenda kuandikisha ndoa. Afisa, mama mmoja mtulivu, alifungua faili letu, akaweka kidole kwenye neno moja, akauliza. Mkalimani, kijana wa Tanga, akakohoa kidogo.

"Anauliza, dada, unataka kuolewa na kaka yako?"

Nikaeleza kwa subira yote niliyonayo. Kwamba kwetu kaka ni jirani, ni muumini mwenzako, hata bodaboda usiyemjua unamwita kaka. Mkalimani alitafsiri vizuri, hata akatabasamu. Yule mama akauliza jambo moja tu: nilipokuwa najaza, nilijua swali linauliza nini?

Nilijua.

Ndoa ikakataliwa, na bila ndoa hakuna kibali cha kazi. Nikapewa siku za kuondoka. Yona naye akasimamishwa kazi hadi karatasi zake zipitiwe upya, kwa sababu ya ile barua aliyoisaini kwa ajili yangu.

Nyumbani nilimpigia baba magoti nikamwambia yote. Akasema, "Ungeniambia ni mchumba, ningekasirika wiki moja."

Wiki moja! Hiyo ndiyo niliyoikimbia.

Nafasi yangu masjala ina mtu mwingine. Sasa nauza vitenge Ihumwa, hapahapa Dodoma, na bado watu huniletea fomu zao. Nawasaidia kwa moyo. Wewe unayejiandaa kumfuata mwenzako ng'ambo, usiogope, nenda. Ila kabla ya kushika kalamu, kaa na wazazi wako uwaambie huyo ni nani kwako. Halafu andika hilohilo.

Siku ile ya kurudishwa, Yona alinisindikiza uwanja wa ndege. Nilingoja aniite jina langu. Alinikabidhi begi, akaniambia, "Safari njema, dada."