Uzi Mdomoni

Mtaa mzima walimwita Pini, na hilo jina hakupewa kwa mapenzi. Mteja akija kulalamika kwamba suruali imebana, fundi huyu alikuwa na safu ya pini katikati ya midomo, basi alimjibu kwa mguno. Anayeweza kugombana na mguno, agombane. Mkewe alipenda kusema kwamba hata siku ya harusi yao yeye alikaa roho juu, mumewe asije akaitikia "mmh" mbele ya watu. Pini zikitoka mdomoni unaingia uzi: analamba ncha ipite kwenye tundu la sindano, anashona, kisha anaukata kwa meno ya mbele, maana mikono imeshika kitambaa na kuunyanyua mkasi anaona ni kazi. Baba yake, marehemu, aliyemwachia cherehani na chumba cha mbele, alikuwa hivyohivyo.

Ugonjwa wa mapafu ulipoingia mjini, Pini hakuupuuza. Hilo tumpe haki yake. Mama yake alikuwa mtu mzima sana, kifua kibovu tangu zamani, na daktari alisema bila kuzunguka kwamba kirusi kile kikimpata, hapo hakuna kupona. Pini akaogopa vibaya. Akamhamishia mama chumba cha mwisho, chenye dirisha la kufungukia uani, akapiga marufuku mtu yeyote kuingia. Chakula kinawekwa mlangoni, aliyekileta anabisha na kurudi nyuma, mama anafungua na kuchukua. Ndoo ya maji na sabuni ikakaa kizingitini, na mkewe akirudi sokoni ananawa huku amesimamiwa, akimaliza anaambiwa anawe tena. Watoto wakapelekwa kwa shangazi yao. Nyumba ikawa kimya hata mlio wa cherehani ukawa unamkera mwenyewe.

Alichokuwa anashona ni barakoa. Alikuwa na jora la kitambaa cha pazia, la buluu lenye maduara meupe, bidhaa iliyomdodea kwa sababu ilikuwa mbaya, tusidanganyane. Akalikata lote. Baada ya muda, kila akichungulia dirishani aliona pazia lake likipita barabarani: juu macho, chini maduara meupe, na kati ya huyu na yule hakuna tofauti. Watu aliowapima viuno maisha yao yote walimsalimia asijue ni akina nani. Siku moja mtu alisimama dirishani bila kusema neno, akamtazama tu. Mgongo ukamsisimka Pini kabla hajatambua kwamba ni jirani yake, muuza mkaa, amekatikiwa na kamba ya barakoa na ameishikilia usoni kwa kiganja.

Kamba zilikatika sana. Mtu anaivua palepale, bado ina joto la pumzi yake, anaipitisha dirishani na kusogea kando. Pini anaitengeneza chapuchapu, anairudisha, kisha anakwenda kunawa mpaka viwiko. Mikono yake alikuwa anainawa vizuri mno.

Ndipo akaanza kumsikia mama akizungumza. Ilikuwa mchana, mkewe ametoka, na kule chumba cha mwisho mama anasema kidogo, ananyamaza, anacheka, anajibu. Pini akaenda, akasimama mbali na mlango, akauliza anaongea na nani.

"Na baba yako," mama akasema. "Yuko hapa, amekaa kitandani. Anasema mnahangaika bure na mlango, hicho kitu kimeshaingia."

Pini akamwambia apumzike, ni upweke huo. Kisha akazunguka nyumba nzima akivuta kila dirisha na kupapasa kila kitasa, nywele zimemsimama. Kila kitu kilikuwa kimefungwa. Mwishowe akakasirika. Mtu unajinyima, unawafukuza wanao nyumbani, halafu marehemu anakuja kukukosoa.

Lakini upweke wa mama ulimkaa moyoni. Akaamua kumshonea barakoa ya peke yake, ili aweze kutoka na kukaa uani kidogo. Pazia hakuligusa. Alichukua shuka la zamani lililolainika kwa kufuliwa, akashona kwa mkono, kwa sababu mshono wa cherehani ungemchubua mzee. Hakuna kitu alichowahi kukishona kwa utulivu namna ile. Akaiweka mlangoni, akabisha, akarudi nyuma. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa mama ukatoka, ukaichukua.

Hazikupita siku nyingi, Pini alikuwa anapiga pasi, mkewe akaingia mbio akipepea moshi. Kitambaa kilikuwa kimeungua, meza chini yake inafuka, naye Pini amegeukia ukutani anachomeka uzi kwenye sindano, hana habari. Mkewe akamtazama. Akaenda jikoni, akapasua kitunguu, akamwekea puani. Pini akavuta pumzi, akavuta tena. Hakusikia harufu yoyote. Wakati huo mtaani hapakuwa na asiyejua maana yake.

"Umeupatia wapi, na wewe hutoki?" mkewe akauliza.

Pini akataka kujibu, akakuta uzi uko mdomoni. Akauvuta polepole. Ulitoka umelowa mate, na ncha yake nyingine ilikuwa imeshonwa kwenye barakoa ya mtu, yenye alama ya midomo ya mwenyewe. Juzi tu muuza mkaa alikuwa amelazwa. Mume na mke wakautazama uzi ule, na kutoka chumba cha mwisho wakasikia mama anakohoa.

Pini hakubisha. Aliingia. Mama alikuwa amelala, macho yanang'aa kwa homa, barakoa ya shuka inapanda na kushuka kila anapovuta pumzi.

"Mama," akasema. "Ni mimi niliyekuletea."

"Najua, mwanangu. Ulipoiweka, pembeni ilikuwa bado mbichi. Nikajua umekata uzi kwa meno." Akapumzika kidogo. "Nikaivaa hivyohivyo. Nilikuwa nimechoka kukusikia unabisha na kuondoka."

Pini akakaa kitandani, akamshika mkono. Hakukuwa na sababu tena ya kukaa mbali naye.