Nilivyobadilisha pickup ya gitaa la watu ili nipunguziwe elfu kumi

Laki moja na elfu sabini na mbili. Nimehesabu mara mbili, haikupungua.

Hiyo ndiyo gharama ya mimi kupunguziwa elfu kumi.

Wakuu, poleni na mihangaiko. Niko Ifakara, nina fremu ya vifaa vya simu karibu na soko, na wikiendi napiga gitaa la solo kwenye kabendi ketu ka watu wanne. Haya yametokea msimu huu huu wa mavuno. Sijaongeza chumvi hata punje, maana chumvi nayo inauzwa.

Gitaa lenyewe si langu. Ni la Mzee Mponda, aliyenifundisha kushika kodi ya kwanza, yaani chord. Enzi zake alikuwa fundi wa mota kule Kidatu, akastaafu, akarudi Ifakara na gitaa lake la umeme lililochubuka rangi kama sufuria ya msibani.

Mwaka jana kiharusi kikamchukua mkono wa kushoto. Kwa mpiga gitaa hapo hakuna la kuongeza.

Mzee ana watoto watano. Kuna wimbo aliutunga mwenyewe, na amempigia kila mtoto siku ya harusi yake. Wanne tayari. Alibaki Vero, kitinda mimba, na harusi ilipangwa Jumamosi. Akaniita, akanikabidhi gitaa.

"Utampigia wewe. Mkono umekwenda, masikio yapo. Nataka nilisikie hili hili."

Nikalibeba mpaka fremu, nikachomeka kwenye amp.

Mvumo. Mmmmmm, kama friji la bucha. Ukipiga unasikia gitaa, ukiacha unasikia friji.

Sasa hapa naomba mshike jambo moja ambalo mimi sikulishika: fremu yangu imepakana ukuta na mashine ya kukoboa mpunga, na msimu huu inaunguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Nimeizoea kiasi kwamba siisikii tena.

Kwa wasiojua gitaa la umeme, nieleze kidogo. Chini ya nyuzi kuna kidude kinaitwa pickup. Ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unaisumbua sumaku, na ule usumbufu unageuka umeme kwenye waya. Amp inaukuza, nyie mnacheza. Kwa hiyo sauti ya gitaa haiko kwenye mbao tu. Waya mwingi, sauti nene na nzito. Waya mchache, sauti nyembamba na kali.

Pickup ya koili moja, yaani single coil, inalia vizuri lakini inadaka na mvumo wa umeme wa jirani. Ndipo watu wakabuni humbucker: koili mbili zilizogeuziana mgongo, mvumo wa hii unaufuta mvumo wa ile.

La Mzee lina pickup mbili za koili moja. Ya shingoni ilishakufa zamani. Inayofanya kazi ni moja tu, ya huku karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa.

Nikampelekea Fundi Saidi, anatengeneza redio na amp. Alikuwa na humbucker moja mpya, ndogo, inaingia tundu lile lile. Elfu sitini na tano. Ufundi elfu ishirini na tano.

Fundi, nisimwonee, aliniambia kwanza nikalijaribu mahali pengine. Mimi nikajua mbinu hizo. Muuzaji akikwambia usinunue, anataka ununue bila kuomba punguzo. Nikaomba punguzo.

Akasema sawa, ya zamani niachie mimi, ufundi lipa kumi na tano.

Nikakubali haraka. Wakuu, nililipia punguzo langu kwa mali ya mtu mwingine, na siku hiyo nililala vizuri.

Jumatano mazoezi kwa Deo, mpiga besi wetu. Mvumo hakuna kabisa. Nikapiga utangulizi wa wimbo wa Mzee. Deo akasimamisha besi, akalitazama gitaa kama mtu anayetazama ng'ombe aliyegoma kunywa maji.

"Limevaa blanketi?"

Nikaongeza treble. Nikaongeza tena. Ikawa blanketi lenye kelele. Zile noti za juu ambazo kwa Mzee zilikuwa zinadondoka kama punje za mchele kwenye sinia, sasa zinaanguka kama ugali.

Alhamisi saa nane nikaenda kumsalimia Mzee, ili nipime anakumbuka sauti ya gitaa lake kwa kiasi gani. Roho mbaya ndiyo iliyonipeleka, nakiri.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Kabla sijakaa vizuri akaanza kunisimulia ile pickup. Kwamba iliungua akiwa bado Kidatu. Kwamba aliizungushia waya mwenyewe kwa mkono, jioni baada ya kazi, kwa waya uliobaki kwenye kazi ya mota. Kwamba waya uliisha kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

"Nikasema basi. Nikafunga hivyo hivyo. Kumbe upungufu ule ndio ulikuwa sauti yenyewe. Sijaisikia kwa gitaa la mtu mwingine mpaka leo."

Akaongeza kuwa wanawe wote wanne wameingia ukumbini kwa waya ule.

Chai niliyopewa sikuimaliza. Nikasingizia mteja.

Bodaboda mpaka kwa Fundi Saidi. Nikamwomba ile ya zamani. Akajikuna kidevu. Boksi la vyuma vyake vyote vibovu kalipeleka asubuhi kwa Mama Suzi, mnunuzi wa chuma chakavu huku nyuma ya stendi.

"Wahi," akasema. "Waya wa shaba wanauchoma kwanza ndio wapime. Na lori lao linaondoka kesho alfajiri."

Wanauchoma. Neno hilo lilinifikisha kabla ya bodaboda.

Nikakuta mume wa Mama Suzi kasimama kwenye pipa la moto na nondo ndefu, anageuza nyaya. Moshi mweusi. Pembeni yake rundo linalosubiri: koili za feni, transfoma za redio, matumbo ya mota. Kila baada ya muda anainama, anachota, anatupa motoni. Haangalii anachochota.

Ningekimbilia rundo, bei ingekimbia na mimi. Kwa hiyo nikasalimia taratibu, nikasema natafuta transfoma ndogo za chaja. Nikachuchumaa. Nikachambua. Jamaa akachota. Nikachambua. Akachota tena, safari hii karibu na mkono wangu.

Nikaiona, chini ya koili ya feni. Vichwa vya sumaku sita. Nikahesabu tena: sita. Waya mmoja wa kutokea umekatika. Nikaitupia katikati ya transfoma nne nisizozihitaji, nikapeleka kwenye mizani na uso wa mtu aliyechoka.

Mama Suzi akaweka transfoma kwenye mizani. Pickup akaitoa kwa vidole viwili, akaiweka mezani upande wake.

"Hizi elfu nane. Hiki tutakiongelea."

Nikamwambia hicho takataka tu, kimejichanganya.

"Basi kiende na takataka." Akamnyooshea mumewe.

Jamaa akapokea. Wakuu, aliipokea. Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye pipa, nami nikazihesabu.

"Mama, subiri."

Akamrudisha kwa kidevu tu. Nikatoa ofa ya elfu tano. Akacheka taratibu.

"Mwanangu, nimekuona unakihesabu. Umehesabu sita, ukarudia. Takataka mtu haihesabu mara mbili."

Miaka kumi na mbili ya biashara, nimeumbuliwa na kidole changu mwenyewe.

Akataja elfu themanini. Nikataja kumi na tano. Nikajaribu kuondoka, ile ya kumpa mgongo muuzaji akuite. Nikafika mpaka getini. Hakuniita. Nyuma yangu nasikia nondo inagonga pipa. Nikarudi mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kufanya kwenye biashara yoyote.

Tukamalizia sabini. Transfoma nikamwachia. Bodaboda za siku hiyo zilikula elfu saba.

Ijumaa asubuhi kwa Fundi Saidi. Waya ulikatikia ndani, na ncha ya waya mwembamba kama unywele huitafuti, unaivizia. Alivaa miwani ya kukuzia, akaniambia ninyamaze, nisitikise meza, na feni akaizima. Alivuta mzunguko mmoja kutoka nje, ukakatika. Akavuta mwingine. Akagusisha solder, akaondoa mkono, akaweka mita.

Mita haikucheza.

Akapuliza. Akagusisha upya. Mita ikacheza, ikatulia kwenye namba.

"Iko hai," akasema, ndipo nikagundua nilikuwa nimeshika kiti chake.

Ufundi elfu kumi na tano, pamoja na kuirudisha kwenye gitaa. Sikuomba punguzo. Aliniuliza kama naumwa.

Jumamosi. Harusi uani kwa Mzee, turubai mbili, ukoo mzima umetoka kijijini Mofu na magunia ya mchele. Mzee amekaa mbele, mkono wa kushoto umelazwa pajani. Mshereheshaji anatangaza Vero anaingia. Nachomeka gitaa.

Mmmmmm.

Ule ule. Mbele ya watu wote. Vero yuko mlangoni, Deo ananitazama, Mzee hanitazami kabisa, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Nikageuka kwenye kiti ili nifikie amp nipunguze volume.

Nilipogeuka, mvumo ukashuka. Nikarudi, ukapanda. Nikageuka tena, ukashuka mpaka kama haupo.

Ng'ambo ya barabara kuna mashine nyingine ya kukoboa. Nikaisikia kwa mara ya kwanza.

Na nikajitazama nilivyokaa: ubavu, bega moja kwa watu, kifua kikielekea ukuta. Mzee Mponda alikaa hivyo hivyo maisha yake yote. Mji mzima, mimi nikiwemo, tulisema ana maringo. Kumbe pickup ya koili moja ukiigeuzia pembe fulani haidaki mvumo, na yeye aliitafuta pembe hiyo kila alipopiga.

Nikapiga nikiwa ubavu. Punje zikadondoka kwenye sinia. Vero akaingia. Mkono wa kulia wa Mzee ukaanza kugonga goti.

Baada ya keki akaniita.

"Ile pickup, upande wa nyuzi nene umekaa juu. Mimi niliuacha chini kidogo. Nani kaifungua?"

"Mimi, mzee."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Nikasema mvumo.

Akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Mvumo haukuwa humo, mwanangu. Jumapili ijayo njoo na bisibisi."

Nilichojifunza: kabla hujabadilisha kitu kinachopiga kelele, kihamishe kwanza, labda kelele ni ya jirani. Pickup ndiyo koo la gitaa, na koo la mtu halina punguzo. Na fundi akikwambia usinunue, kuna siku anamaanisha.

Ile humbucker bado ninayo, mwenye gitaa la rock anicheki, maongezi yapo kidogo.

Sasa ushauri, wakuu. Jumapili ndiyo hii inakuja. Mzee anajua niliifungua. Hajui kuwa niliitoa kwa fundi, ikauzwa kama chakavu, ikafika hatua mbili kutoka kwenye pipa la moto. Deo anasema ninyamaze, mzee ana presha. Mke wangu anasema aliyesikia tofauti ya bisibisi atasikia na hii kwenye sauti yangu.

Bisibisi nimeshaitia mfukoni. Nimwambie kabla hajaanza kurekebisha, au baada?