Jiwe Chini ya Ulimi wa Mama

Enzi nilipokuwa mtoto pale Ifakara, miaka ya hamsini, hakuna aliyenishinda kwa uongo, na ushahidi ninao.

Mama aliota uvimbe chini ya taya. Bibi mzaa Mama akaja kutoka Mkula kumuuguza, akampaka masizi ya chungu: matumbwitumbwi hayo. Wiki mbili zikapita, uvimbe upo. Tena ulikuwa na tabia: Mama akianza kula unafura, akimaliza unanywea polepole.

Bibi akabadili kauli. "Hilo ni jicho. Kuna mtu anamtazama mwanangu akila."

Mtu mwenyewe alikuwa Shangazi Veronika, dada yake Baba, aliyeachwa na mume huko Malinyi kwa kutozaa. Ndiye aliyetupikia. Mama akawa anakula amejificha nyuma ya mlango. Ukafura vilevile.

Baba akatupeleka hospitali ya misheni. Daktari alimpa Mama kipande cha ndimu anyonye, na uvimbe ukapanda tukiutazama! Akapapasa chini ya ulimi. "Ni jiwe," akasema. "Mate yameganda, yakaziba njia yake." Akachoma ganzi, akapasua kidogo, kikatoka kijiwe cha manjano, saizi ya punje ya mpunga. Baba akakifunga kwenye leso.

Nilidhani Shangazi amepona naye. Wapi! Nyumbani Bibi alikigeuza kijiwe kiganjani, akauliza, "Mpishi ni nani humu?"

"Mama, daktari kasema ni mate," Baba akajibu, bila nguvu.

"Umeona wapi mate yakawa jiwe, baba? Huyu akibaki, mimi naondoka na mwanangu."

Shangazi akaanza kukunja kanga zake, na Malinyi hakuwa hata na pa kulala.

Nikasema, "Ni mimi. Nilichezea kokoto kwenye mchele."

Baba alinichapa mpaka fimbo ikavunjika. Bibi akasonya: "Kumbe ni hili shetani letu!" Shangazi akabaki, akazeekea kwetu.

Daktari alisema kweli, akakosa wa kumwamini. Mimi nikadanganya, ikaamini nyumba nzima. Ningejisifu zaidi, ila tangu siku hiyo Mama alichambua mchele punje kwa punje, miaka yote, akitafuta jiwe ambalo halikuwahi kuwamo. Mara kadhaa nilifungua mdomo nimwambie. Nikamwona Shangazi anapuliza moto jikoni, nikaufunga.