Vijiko Viwili vya Krimu

Karakana yetu ni ya kujalidi vitabu: rejista za ofisi, ripoti za vyuo, vitabu vya maktaba vilivyong'oka migongo. Tulikuwa watu saba, na kati ya saba hao aliyeijua kazi sawasawa alikuwa mmoja. Tulimwita Bi Gundi. Jina lilimpata kwa sababu mbili: vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi ya bintiye, na akishika neno, umvute usimvute, haliachii.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko ya msimamizi wetu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akishona kurasa kwa mkono, na katika miaka yote hiyo alikuwa na starehe moja tu. Saa nne asubuhi alikuwa ananawa mikono, anavuta kiti mpaka dirishani, anamimina kahawa nyeusi isiyo na sukari. Kisha anageuza kijiko na kuimimina krimu juu ya mgongo wa kijiko hicho, taratibu, ili isizame, ikae juu. Vijiko viwili. Hakukoroga. "Ukikoroga umeharibu," alikuwa akituambia. "Raha yake ni ule ubaridi kwanza, halafu uchungu unakuja nyuma yake." Kwa dakika kumi na tano hizo hakuna aliyethubutu kumwuliza hata mkasi uko wapi.

Mwaka juzi aliugua tumbo, akalala kitandani wiki nzima. Alipoinuka, tumbo likaanza vituko. Linajaa, linaunguruma hadi sisi wa meza ya pili tunasikia, kisha anaiacha sindano ikining'inia kwenye uzi na kukimbilia msalani. Akaenda zahanati. Daktari alimsikiliza kwa muda ambao mimi hutumia kufungua kopo la gundi. Akamwambia ule ugonjwa umeuacha utumbo na majeraha, sasa hauwezi kusaga sukari iliyomo ndani ya maziwa, akaandika kikaratasi: "Maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa, ACHA." Hakusema kwa muda gani. Hakuuliza mgonjwa anatumia nini, wala kiasi gani. Mgonjwa mwingine akaitwa.

Kikaratasi hicho ndicho kilicholeta vita.

Nyumbani kwa Bi Gundi waliishi watu watatu: yeye, mumewe, ambaye ni mpima ardhi mstaafu asiyependa kelele, na dada wa mumewe, mjane aliyehamia kwao miaka minne kabla. Yule wifi alikuwa amelishika jiko kidogo kidogo, mpaka ikafika mahali Bi Gundi anauliza chumvi iko wapi ndani ya nyumba yake. Jioni ile aliporudi kutoka zahanati aliweka kikaratasi mezani, akaenda kuoga. Alipotoka, kilikuwa kimebandikwa kwenye mlango wa friji, na wifi yake alikuwa amesimama kwenye sinki, chupa ya krimu imeinamishwa.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nakuokoa maisha, wifi yangu."

"Hiyo ni krimu yangu."

"Daktari kasema acha. Mimi nani nimpinge daktari?"

Bi Gundi akamgeukia mumewe. Mumewe akafunua ukurasa wa gazeti. "Ni kwa faida yako, mama," akasema.

Kesho yake alinisimulia huku anavuta uzi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Yule mtu kapima milima," akaniambia, "lakini kupima neno moja la dada yake hawezi."

Hata hivyo alijaribu. Mtu asimsingizie kwamba hakujaribu. Alikunywa kahawa kavu kwa mwezi mzima, uso umekunjamana. Alijaribu ule unga mweupe wa kopo unaouzwa kwa watu wasiotumia maziwa, akasema hajawahi kunywa chaki maishani na hana mpango wa kuanza. Mwisho akaacha kabisa kahawa. Saa nne ikifika anabaki mezani anashona, na sisi tukajifanya hatuoni.

Kilichomtia wazimu ni kwamba, pamoja na kujinyima kote huko, tumbo halikutulia. Wiki mbili shwari, kisha siku mbili za kukimbia. Kila lilipomsumbua, wifi yake alikuwa na jibu tayari.

"Unakula kwa siri."

"Sili kwa siri."

"Basi tumbo lako linasema uongo, maana mmoja wenu anasema uongo."

Fikiria kuambiwa hivyo na mtu anayekula kwenye meza yako. Bi Gundi alimeza. Alimeza miezi minane.

Asubuhi moja hakumeza. Aliweka sindano chini, akaniambia, "Twende," tukashuka kantini. Mwenye kantini ni mama mcheshi anayejua kinywaji cha kila mtu bila kuuliza. Bi Gundi akaagiza kahawa na krimu. Mama wa watu akashika kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Samahani, Bi Gundi. Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Wifi yako alipiga simu. Alisema ukiomba krimu nikunyime, halafu nimwarifu."

"Lini?"

"Zamani. Ile wiki ya kwanza."

"Na nani mwingine anajua?"

Mama wa kantini akanitazama. Ingekuwa heri angetazama dirisha. Ukweli ni kwamba tulijua sote. Wifi yake alikuwa amempigia na msimamizi wetu pia, msimamizi akatuita pembeni, tukakubaliana kumchunga. Tuliona tunafanya jambo la huruma. Mimi mwenyewe niliwahi kuificha krimu yangu nyuma ya marobota ya karatasi alipokuwa anapita, nikajisifu moyoni kwa utu wangu.

Bi Gundi hakupiga kelele. Damu ilimpanda usoni, na ile sauti yake nzito ikashuka chini kabisa.

"Nimezaa," akasema. "Nimezika. Nusu yenu nimewafundisha kushika sindano. Na mmekaa kikao juu ya tumbo langu."

Akapanda ngazi peke yake.

Siku ile aliharibu kazi. Rejista kubwa ya ofisi ya vizazi na vifo, kurasa mia nne, aliitia jalada juu chini. Hakuna mtu karakana nzima aliyewahi kuona kosa lake, hata dogo. Msimamizi angemfokea, nadhani yangeisha. Lakini alimjia kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

"Labda ni haya maradhi, mama. Nenda ukapumzike."

Bi Gundi akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya ile rejista. Hakwenda kupumzika. Alikwenda hospitali kubwa, akauliza mlango wa mtaalamu wa lishe, akakaa kwenye benchi saa mbili na nusu, akisema kimoyomoyo kwamba atakayemletea huruma leo atajuta.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo, rika la mwanawe. Hakumwonea huruma. Alichukua kalamu.

"Unapenda nini katika vitu vya maziwa?"

"Krimu. Kwenye kahawa. Mara moja kwa siku."

"Vijiko vingapi?"

"Viwili."

"Vya chai au vya mezani?"

Hapo Bi Gundi akaanza kulia. Alivyoniambia, haikuwa huzuni, ilikuwa hasira iliyokosa mlango mwingine wa kutokea. Miezi minane watu wamemkataza, wamemlinda, wamempigia simu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza vijiko vingapi.

"Vya chai," akasema, akipenga kamasi.

Yule binti alimwacha amalize, kisha akamweleza. Krimu nzito, sehemu kubwa ni mafuta. Sukari ya maziwa imo, lakini katika vijiko viwili vya chai ni kidogo mno, na watu wengi wenye tatizo kama lake hawasikii kitu. Glasi ya maziwa ni jambo jingine. "Si wote wanaoweza, ndiyo maana tunajaribu kwa hatua. Tumbo likitulia, anza na kijiko kimoja, baada ya kula, siku tatu. Andika. Likikataa, kuna matone unachanganya kwenye krimu mapema, yanaivunja ile sukari kabla hujainywa. Lakini kuna jambo linanishangaza. Kama umeacha kila kitu miezi minane, tumbo linasumbuliwa na nini?"

"Wifi yangu anasema nakula kwa siri."

"Mimi sijamwuliza wifi yako. Siku likisumbua, unakuwa umekula nini?"

Bi Gundi akafikiri. Likianza kuuma hupewa supu laini, ya kutuliza. Na hata kabla ya kuuma, ikipita wiki mbili hivi, wifi yake hupika supu hiyo hiyo ya uyoga.

"Ya kupika au ya pakiti?"

Hakujua. Alikuwa mwenye nyumba na hakujua, maana kabati la jikoni halikuwa lake tena. Alisema hapo ndipo machozi yalipokauka.

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Wifi yake alikuwa ametoka kununua mboga, mumewe anasinzia sebuleni. Bi Gundi akafungua kabati, akatoa mitungi, akatoa mifuko, na nyuma kabisa akakuta pakiti sita za supu zimepangwa vizuri. Akavaa miwani yake ya kushonea. Nyuma ya pakiti, kwa herufi za kuumiza macho, neno la kwanza lilikuwa wanga. La pili, unga wa maziwa. La nne, sukari ya maziwa. Limeandikwa hivyo hivyo, bila kujificha.

Akazipanga pakiti sita mezani, akavuta kiti, akangoja.

Wifi akaingia na kikapu. "Umewahi leo. Tumbo tena?"

"Wifi, soma."

"Nisome nini? Hii ni supu."

"Geuza. Soma neno la pili."

Wifi akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Midomo ikacheza. Kisha haikucheza.

"Mimi niliona picha ya uyoga," akasema polepole. "Hapa mbele kuna uyoga, wifi. Hakuna ng'ombe."

Siku nyingine Bi Gundi angecheka. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Umenilisha maziwa kwa mkono wako! Nikiumwa unaniongezea! Krimu yangu unaimwaga kwenye sinki, simu unapiga mpaka kazini kwangu, halafu unaniita mwongo mezani kwangu, na maziwa unanipa wewe!"

Mumewe akatokea mlangoni na macho ya usingizi. "Jamani, majirani..."

"Majirani wasikie! Na wewe usikie! Umesoma gazeti miezi minane, pakiti moja ya supu hukuisoma!"

Wifi akakaa chini, palepale sakafuni, kikapu bado kimemning'inia mkononi. Akaanza kusema maneno ambayo Bi Gundi aliyajua: kwamba mumewe marehemu alikatazwa vyakula, akala, yeye akanyamaza ili asigombane naye, na wakamzika. Kwamba aliapa hatanyamaza tena.

"Najua," Bi Gundi akamjibu. "Nilikuwepo mazikoni, nilikushika mkono. Lakini mimi si yeye, wifi. Mimi niko hai, nina akili zangu, na ulipaswa kuniuliza."

Hawakukumbatiana. Wifi alilia, Bi Gundi akainua kiti, na mpima ardhi, baada ya kusimama sana bila kujua aingie au atoke, akakwenda kukibandua kikaratasi kwenye friji. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoifanya katika vita vile.

Pakiti zilitupwa. Ndani ya wiki mbili tumbo lilitulia, na halikurudia vituko vyake. Bi Gundi akaanza na kijiko kimoja, kama alivyoambiwa, na daftari kando. Siku tatu, kimya. Vijiko viwili, kimya. Siku ya kumi, kwa ubishi tu, akaweka vitano, tumbo likamjibu vikali mbele yetu, naye akalitukana kama anavyotukana mashine ya kukatia karatasi. Akarudi kwenye viwili. Nyumbani amegawana jiko na wifi yake kwa siku. Wanasalimiana, wanaulizana kuhusu mboga. Nasikia wifi sasa hanunui hata biskuti bila kusoma nyuma ya pakiti kwa sauti, na watu waliopanga foleni nyuma yake hawafurahi.

Asubuhi ya kwanza alipokivuta tena kile kiti dirishani, karakana nzima iliweka sindano chini. Krimu ilikaa juu, nyeupe, haikuzama. Akanywa macho yamefumbwa. Ile mikunjo ya usoni ilifunguka mmoja mmoja, na kwa dakika kumi na tano alikuwa mtu ambaye nilikuwa nimemsahau. Alipolamba krimu iliyobaki kwenye mdomo wa juu, nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamsogelea, nikamwambia kuhusu ile krimu yangu niliyoificha nyuma ya marobota, nikamwomba radhi.

Akafumbua macho.

"Sitaki pole yako. Nataka siku zangu mia mbili na arobaini. Unazo?"

"Sina, Bi Gundi."

"Basi."

Akaenda kuosha kikombe, akarudi kazini. Alipopita mezani kwangu akaiinua ripoti niliyokuwa naishona, akaikunja mgongo, akavuta uzi mmoja kwa ukucha.

"Na hii umeishona legelege," akasema. "Fumua."

Nikafumua.